Wageni wanakuja, mbwa umweke wapi: mnyororo, banda, chumbani, kamba mkononi au umhamishe kabisa

Kuna sentensi moja sisi wenye mbwa tunaipenda sana. Mgeni kasimama getini kakumbatia mkoba kifuani, mbwa anabweka mpaka mate yanaruka, halafu mwenye nyumba anatoka na kandambili zake anasema we pita tu, usiogope, huyu haumi. Mimi nimeisema hiyo sentensi miaka minne, kwa mafundi bomba, kwa wasoma mita, kwa mama mkwe wangu, na nilikuwa naiamini kabisa maana Tomi wangu (wa kienyeji aliyechanganya na jemani shepadi, sikio moja limesimama jingine limelala) hakuwahi kumgusa mtu. Mpaka siku tunafanya arobaini ya mtoto wetu wa pili, akamng'ata mkononi mtoto wa shemeji yangu, mtoto wa miaka sita. Nitaeleza ilivyokuwa huko chini kwenye mnyororo maana ndo pahala pake.

Toka siku ile nimeelewa "haumi" maana yake ni "hajauma bado mbele yangu". Mgeni hana namna ya kulihakiki hilo, yeye kaja kuona mtoto, kaja kula, kaja kuhani, hajaja kumsoma mbwa wako. Kwa hiyo pa kumweka mbwa ni uamuzi wako na unatakiwa uwe umeshaufanya kabla hodi haijapigwa.

Njia ninazoziona huku kwetu ni tano: kumfunga mnyororo nje, kumfungia bandani, kumfungia chumba cha ndani, kukaa naye sebuleni ukiwa umemshika kwa kamba, na kumpeleka kwingine mpaka wageni waondoke. Zote nimeshazitumia, na sitakwambia ipi ndo bora maana nyumba yako siyo yangu na mbwa wako siyo Tomi. Nitakwambia tu kila moja inakupa nini na inakudai nini.

Vya kuangalia kabla hujachagua

La kwanza ni usalama, na hapa usimpime mgeni mkubwa mwenye akili zake, pima yule mdogo kuliko wote atakayeingia getini. Watoto wanakimbia, wanapiga kelele, wanamkumbatia mbwa shingoni, na sura zao ziko usawa wa mdomo wake. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hiyo ukijiuliza "hii njia ni salama?" jiulize pamoja na huyo mtoto.

La pili mbwa mwenyewe. Huko alipo ana kivuli, maji, hewa? Anaona kila anayepita akashindwa kumfikia? Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema ulimi nje, sasa Januari ya Dar ukimweka juani saa nane mchana unacheza na uhai wake. Na kwa Tanzania ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kwa hiyo kumtesa mnyama siyo suala la tabia mbaya tu.

La tatu ni amani ya mgeni, na wenye mbwa wengi hili tunalichukulia poa. Wapo watu waling'atwa utotoni na mpaka leo wakisikia mlio tu miguu inaisha nguvu. Halafu kuna dini. Waislamu wa pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba na moja kwa udongo, kwa hiyo mbwa akimramba mgeni kanzu dakika kumi kabla ya adhuhuri umemharibia swala yake. Usimwambie "mbwa wangu anaogeshwa kwa sabuni", hiyo siyo hoja yake. Mgeni wa hivyo anataka pahala pasafi pa kutandika mkeka na uhakika kwamba mbwa hatafika pale, basi.

La nne, nani atamsimamia. Hili naliweka wazi kwa sababu ndo linatuangusha sana. Nyumba nyingi mbwa hamjui mwenye nyumba, anamjua mlinzi au dada wa kazi, yeye ndo anampa ugali na dagaa, yeye ndo anamfungulia usiku na kumfungia alfajiri. Sasa inafika Desemba, wageni wanajaa kutoka mkoani, na mlinzi naye kapewa likizo kaenda kwao. Baba mwenye nyumba anasogea kumrudisha mbwa bandani, mbwa anamngurumia! Kama hujawahi kumlisha mbwa wako kwa mkono wako mwezi mzima uliopita, usichague njia inayotegemea mbwa kukusikiliza.

La tano ni muda. Bodaboda aliyeleta chakula anakaa dakika mbili. Wageni wa Idi wanakaa mchana. Bibi akitoka kijijini anakaa wiki tatu. Njia inayofaa kwa dakika mbili siyo ya wiki tatu.

Na kabla ya yote haya kuna kitu hakina mjadala, chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka, na kadi iwe ndani unajua ilipo. Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa 59,000 kwa mwaka duniani, wengi sana Asia na huku kwetu Afrika, karibu wote kimewapata kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu ni kama hakuna anayepona. Hakuna banda wala mnyororo unaochukua nafasi ya chanjo.

Mnyororo

Huu ndo upo nyumba nyingi maana ni rahisi, unanunua mnyororo na kola, unamfunga kwenye mti au nguzo, umemaliza. Kwa mgeni wa dakika mbili unatosha kabisa, unamfunga, fundi anapita, unamfungua.

Usalama wake ndo wa mashaka. Mnyororo unamzuia mbwa asiende kwa mtu lakini haumzuii mtu asiende kwa mbwa. Siku ile ya arobaini Tomi alikuwa amefungwa chini ya mwembe, mnyororo wa mita tatu hivi, toka asubuhi. Watoto wanacheza mpira, maspika yanalia, harufu ya nyama imejaa uwanja, watu wasiomjua wanapita mbele yake masaa na masaa na yeye hawezi kuwafikia wala kuwakimbia. Mpira ukabingirika mpaka kwenye bakuli lake la maji. Mtoto akaufuata. Hakumchokoza, hakumpiga, aliinama tu kuokota mpira. Nilisikia kelele nikiwa napakua pilau.

Tuliosha kidonda kwa maji ya bomba na sabuni dakika kumi na tano, hivyo ndo inavyotakiwa, siyo kupaka mafuta ya taa wala pilipili wala unga wa dawa za kienyeji, halafu tukamkimbiza hospitali akaanzishiwa chanjo, na sindano zake zina ratiba, siyo moja ukamaliza. Tomi alikuwa na kadi ya chanjo na tuliambiwa tumwangalie siku kumi, mbwa aliyekuwa na kichaa wakati anauma ndani ya siku hizo ataonyesha dalili au atakufa. Alikuwa mzima. Mtoto amepona, ana alama mbili kwenye mkono, na mpaka leo akija kwangu anaulizia kwanza getini Tomi yuko wapi. Hilo swali huwa linaniuma.

Kwa hiyo kwa mbwa mwenyewe mnyororo ni mzigo, akifungwa muda mrefu anakuwa mkali zaidi maana anajua hana pa kukimbilia, akiogopa kilichobaki ni meno tu. Mgeni naye hatulii, anamuona, anasikia chuma kinaburuzika, anapima kwa macho kama mnyororo unafika kwenye ngazi. Gharama ni ndogo, hiyo ndo sifa yake. Kama huna kingine basi mfunge nyuma ya nyumba pasipopita watu, kwenye kivuli, maji karibu, na weka kizuizi ambacho mtoto hawezi kukivuka, hata meza mbili zilizolazwa ubavu. Wengine wanafunga waya mrefu kati ya nguzo mbili na mnyororo unateleza juu yake, mbwa anapata pa kutembea, nafuu hiyo kuliko nguzo moja. Na kola iangalie, shingo inakua na kola haikui.

Inamfaa mtu mwenye wageni wa kupita tu na hana watoto wanaokuja.

Banda

Huku kwetu banda ndo utaratibu wa mbwa wa ulinzi, mchana ndani usiku nje, kwa hiyo mbwa wengi wameshalizoea. Usalama ni mkubwa kuliko mnyororo kwa sababu ukuta unafanya kazi pande zote mbili, mtoto hafiki na mbwa hatoki, ila kwa sharti kwamba mlango una komeo na kufuli, siyo kipande cha waya kilichopindwa. Na wavu uwe wa matundu madogo, nimeona mabanda ya nondo zilizoachana ambazo mkono wa mtoto wa miaka mitatu unapita wote mpaka bega.

Kwa mbwa, banda linaweza kuwa nyumba au likawa jela, inategemea umelijenga wapi na unalitumiaje. Banda lililo pembeni ya geti, mbwa anamuona kila anayeingia, anabweka mchana kutwa, jioni amechoka na hasira zimejaa na hapo ndo unamfungulia, mgeni wa mwisho akiwa bado anaaga! Liweke nyuma, upande wa kivuli. Bati tupu juu bila dari ni tanuri, angalau tandaza makuti au mbao chini ya bati. Sakafu ya saruji iwe na mteremko mkojo utoke, na pawepo pa kulala pakavu. Chakula chake mpe humo ndani siku zote, siyo siku ya wageni tu, ili akisikia "bandani" aende mwenyewe na mkia unatikisika. Mbwa ambaye banda analijua kama adhabu utamkimbiza uwanja mzima huku wageni wanatazama.

Mgeni anatulia kiasi kikubwa, hasa wa dini na wa woga, maana anajua kuna kufuli. Kelele ndo tatizo lililobaki, mpe mfupa mbichi mkubwa au chakula kilichogandishwa kwenye kopo atajishughulisha nao saa nzima.

Gharama ipo, mbao, bati, wavu na fundi, lakini unalipa mara moja. Linamfaa mwenye uwanja wake na wageni wa mara kwa mara. Aliyepanga chumba na sebule kwenye nyumba yenye wapangaji wanne asijilaumu, halimhusu.

Chumba cha ndani

Hii naipenda kwa mbwa wa ndani, wale wadogo wenye manyoya na hata wakubwa wanaolala ndani na wenye nyumba. Unamweka chumbani au stoo mapema, kabla wageni hawajafika, na maji yake, na nguo yako uliyoivaa jana anailalia, na redio sauti ya chini imeze kelele za sebuleni. Haigharimu kitu. Mbwa mwoga anapona kabisa hapa kuliko nje.

Usalama wake unategemea mlango, na mlango wa nyumba yenye wageni unafunguliwa. Mtu anatafuta choo, mtoto anatafuta wenzake wamejificha wapi, shangazi anatafuta pa kunyonyeshea. Kwa hiyo funga kwa ufunguo na ufunguo ukae mfukoni mwako, ukiandika karatasi "MBWA YUMO" ukabandika mlangoni umefanya vizuri ila mtoto wa miaka minne hajui kusoma. Na usimfungie chumba ambacho wageni wanawekea mikoba au wataswalia, hapo umekusanya matatizo yote pahala pamoja.

Kwa wageni wa kulala haifai peke yake. Mbwa hawezi kufungiwa chumbani wiki mbili, anahitaji kutoka kujisaidia na kutembea, na kila akitoka ndo wakati wa hatari, kila siku mara nne. Ukiwa na bibi ndani ya nyumba na korido ni moja, mtachoka wote.

Kamba mkononi, mbwa akiwa na wageni

Yaani mbwa anabaki sebuleni au barazani lakini umemshika kwa kamba fupi, au amelala kwenye mkeka wake aliofundishwa kwamba huo ndo wake na haondoki mpaka aambiwe. Nikianza na kazi, maana hapa kazi ndo kila kitu, huwezi kuanza siku wageni wanakuja. Unafundisha wiki kadhaa, dakika tano tano asubuhi na jioni, mkeka chini, mbwa akipanda anapata kipande cha nyama, akikaa muda mrefu anapata kingine, halafu mtu wa nyumbani anapiga hodi ya uongo, mbwa akibaki mkekani anapata zaidi. Pesa hazitoki nyingi ukifanya mwenyewe, mkufunzi ni gharama nyingine. Kuchapa hakufundishi hili, kunafundisha kwamba wageni wakija napigwa, sasa hapo atawapendaje?

Kwa mbwa mtulivu anayependa watu hii ndo inampa maisha mazuri, yuko na familia yake, anazoea sura mpya, anakuwa siyo mbwa wa kufichwa. Na mbwa aliyezoea watu toka mdogo, hasa ile miezi mitatu ya kwanza, anakua hana wasiwasi na kila hodi.

Kwa usalama ni nzuri mradi macho yako yapo kwa mbwa, siyo kwenye simu wala kwenye sufuria. Na hapa inabidi ujue kumsoma. Mbwa anayelamba midomo bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza uso pembeni lakini jicho linabaki kwa mtoto mpaka weupe unaonekana, aliyeingiza mkia kati ya miguu, huyo anakwambia inatosha. Aliyeganda ghafla kama sanamu anakwambia kwa mara ya mwisho. Mkia kutikisika siyo lazima furaha, mkia uliosimama juu unatikisika haraka na mwili umekaza hiyo ni habari nyingine. Na akiunguruma usimchape, nakuomba, kuunguruma ni onyo, ukimchapa kila anapoonya unatengeneza mbwa anayeuma bila kuonya. Mwondoe pale, mpeleke bandani au chumbani, maliza.

Mgeni lazima aulizwe. Kabla hajaja, kwa simu, "kwangu kuna mbwa, upo sawa naye au nimfungie?", na ukiuliza hivyo getini mbele za watu atasema yuko sawa kwa aibu tu. Akikubali mwambie amwache mbwa amfuate yeye, asimwinamie usoni, asimtolee mkono juu ya kichwa. Na asimlishe kutoka kwenye sahani, pilau ina vitunguu na vitunguu ni sumu kwa mbwa, mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha vinamchoma tumboni. Bia vilevile, kuna wajomba wanaona ni mchezo kumwekea mbwa bia kwenye bakuli, mkatalie mjomba kwa heshima lakini mkatalie.

Kwa mbwa usiyemwamini sawasawa kuna vile vikapu vya mdomoni, chukua kile cha kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, siyo kile cha kitambaa kinachobana mdomo ukafunga, kwenye joto anaweza kuzidiwa. Ila kama mbwa anahitaji kikapu ili akae na wageni mimi ningesema hahitaji kukaa na wageni.

Inamfaa mtu mwenye muda, mwenye mbwa mtulivu, na wageni wachache wakubwa wanaopenda mbwa.

Kumhamisha

Unampeleka kwa rafiki, kwa ndugu mwenye uwanja, au zile sehemu za kulipia zinazotunza mbwa kwa siku, zipo kwenye miji mikubwa. Kwa mgeni hakuna njia salama kuliko hii, mbwa hayupo. Mwenye mzio wa manyoya naye anapumua ingawa manyoya yanabaki kwenye makochi kwa hiyo piga usafi kweli.

Kwa mbwa siyo rahisi kama inavyosikika. Mazingira mapya, harufu mpya, mbwa wengine, anaweza asile siku ya kwanza, na anaweza kutoroka akijaribu kurudi kwenu, kwa hiyo kola iwe na namba yako ya simu hata ukiiandika kwa kalamu isiyofutika. Mpeleke mara moja mbili kabla akalale usiku mmoja akuone unarudi. Sehemu nzuri itakudai kadi ya chanjo, ya kichaa na yale magonjwa mengine ya mbwa kama pavo. Isiyokudai kadi jiulize wale wengine walioko humo ndani wamechanjwa au la. Nenda ukaone kwa macho wanapolala, uliza usiku anabaki nani, uliza akiugua wanampeleka kwa daktari gani.

Gharama ni ya kila siku, ikifika wiki mbili inauma, ndo maana rafiki mwenye uwanja ni mali. Mpelekee mbwa na chakula chake, na ukija kumchukua usije mikono mitupu. Na kumbuka kwamba nyumba yako inabaki bila mlinzi, kama mbwa ndo ulinzi wenu jipange.

Kwa hali yako wewe

Kama ni fundi, msoma mita au bodaboda, usihangaike na makubwa. Mbwa afungwe au aingie bandani kwanza, ndipo geti lifunguliwe, na huyo mtu asubiri nje hata akisema ana haraka. Kibao cha "MBWA MKALI" getini ni kizuri lakini hakikupunguzii wajibu, anayekisoma hajui mbwa yuko huru au kafungwa.

Kama mnaletewa posa, au wakwe wanakuja mara ya kwanza, banda la nyuma au chumba chenye ufunguo, uliza kwanza kwa mshenga kama kuna mwenye woga au anayechunga najisi. Tandika mkeka msafi ambao mbwa hajawahi kuulalia.

Kama ni Idi, Krismasi, ubatizo, yaani watoto zaidi ya wawili watatu, mimi binafsi mnyororo nimeufuta kwenye orodha. Banda lenye kufuli, na mtu mzima mmoja amepewa kazi ya kuangalia watoto wasiende huko, siyo "tutaangaliana", mtu mmoja mwenye jina. Huna banda, mhamishe siku hiyo. Na mlinzi akiwa likizo muhamishe hata kama banda lipo, au anza kumlisha wewe mwenyewe wiki mbili tatu kabla mlinzi hajaondoka.

Bibi anakuja kukaa mwezi? Hapo unachanganya njia. Siku mbili tatu za mwanzo mbwa bandani au chumbani, bibi anasikia sauti yake, mbwa anasikia harufu ya bibi. Halafu mnatoka wote nje ya geti, wewe umeshika kamba, bibi anatembea pembeni kwa mbali kidogo, hakuna anayemlazimisha mwenzie. Wiki ya pili kamba mkononi barazani. Bibi akisema hataki, basi hataki, na ratiba ya mbwa ndo itabadilika siyo ya bibi, atatoka alfajiri na usiku bibi akiwa chumbani kwake.

Kama umepanga na uwanja ni wa wote, kila siku kwako ni siku ya wageni, wa kwako na wa majirani. Mbwa mkubwa wa ulinzi hapo mimi ningefikiria mara mbili. Kama umeshakuwa naye basi chumba cha ndani na kamba kila anapotoka, na majirani wajue saa zake za kutoka.

Mbwa jike mwenye watoto, mbwa mgonjwa, mbwa mzee asiyesikia vizuri anayeshtuka akiguswa, hawa wasikutanishwe na mgeni yeyote, hata yule anayesema mimi mbwa wote wananipenda.

Ikitokea msiba, hiyo ni hali ya peke yake. Geti linakaa wazi usiku na mchana, watu usiowajua wanaingia, wanalala kwenye mikeka uwanjani, wanawake wanapika nyuma kulekule liliko banda, na wewe mwenyewe huna akili ya kukumbuka komeo. Usijaribu kumsimamia mbwa siku hizo. Ongea na rafiki yako leo mkiwa wazima, mkubaliane, mbwa amzoee, ili siku hiyo ikifika upige simu moja tu aje amchukue kabla turubai halijafungwa.